Kuijua Bia ya Viwanda Vidogo vya Uingereza: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji waliofika Uingereza wakiwa na hamu ya kuonja bia za viwanda vidogo ni mawili, na hayabadiliki. La kwanza ni kwamba bia waliyopewa ilikuwa ya moto na haikuwa na gesi, kana kwamba ililala wazi usiku kucha. La pili ni la wale waliokwenda Bermondsey, mtaa wa London wenye viwanda vingi vya bia, siku ya Jumamosi, wakaingia kiwanda kimoja baada ya kingine, na kesho yake wakakumbuka hesabu ya pesa tu, si ladha ya bia hata moja.

Bia nzuri walikuwa nayo mezani, ila waliianzia mwisho. Mwongozo huu unaanzia pale ninapoona panafaa, yaani bia ya pipa katika pabu ya kawaida, kwa glasi ndogo na katika mji mmoja. Makopo yenye picha kali na kilevi cha asilimia 8 yatakusubiri.

## Mahitaji

- Pasipoti au kitambulisho chenye picha. Umri halali wa kununua kilevi ni miaka 18, lakini pabu nyingi humdai kitambulisho yeyote anayeonekana kuwa chini ya miaka 25.
- Kadi ya benki. Baa nyingi za kiwandani hazipokei pesa taslimu.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inatosha pia, ingawa nimeona kwamba anayeandika kwa simu huishia kusoma ujumbe mwingine.
- Tiketi ya treni, tramu au basi. Gari liache. Kikomo cha kilevi kwa dereva ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, na miligramu 50 kwa Scotland. Hakuna njia ya kuaminika ya kujipima kwa kuhesabu glasi.
- Chakula tumboni, na maji ya kunywa kila baada ya glasi. Pabu zenye leseni nchini humo zinapaswa kukupa maji ya bomba bure ukiyaomba.
- Toleo la karibuni la Good Beer Guide, mwongozo wa pabu zenye bia nzuri, kitabu au programu ya simu.

Weka pia kichwani kipimo kimoja. Madaktari wakuu wa Uingereza hushauri mtu mzima asizidishe yuniti 14 za kilevi kwa wiki, zikiwa zimegawanywa katika siku kadhaa. Painti moja (zaidi kidogo ya nusu lita) ya bia ya asilimia 4 ina takriban yuniti 2.3, kwa hiyo painti sita tu zinafikisha wiki nzima. Anayetumia dawa, mjamzito, na anayejua kwamba glasi ya kwanza humfungulia ya kumi, mwongozo huu si wao.

## Hatua ya 1: Tofautisha pipa na kegi

Hapa ndipo lalamiko la kwanza linapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Bia ya pipa hutoka kiwandani ikiwa bado na hamira hai. Huendelea kuchachuka ndani ya pipa katika stoo iliyo chini ya pabu, na gesi yake ni ile iliyotolewa na hamira yenyewe. Haisukumwi na mtungi wa gesi. Mhudumu huivuta kwa mpini mrefu uliosimama kaunta. Mwangalie anapofanya hivyo: huinamisha glasi chini ya mdomo wa bomba, huvuta mpini taratibu hadi kifuani, huuachia urudi, kisha huvuta tena mara moja au mbili. Bia huingia ikiwa na mawingu meupe, halafu mawingu hupanda polepole na kuacha rangi safi chini yake.

Joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 11 na 13 za Selsiasi. Hiyo ni baridi ya maji ya mtungi uliokaa kivulini, si baridi ya friji. Sisi tuliozoea kuulizwa na mhudumu "ya moto au ya baridi?" hatuna jina la hali hii ya tatu, na ndiyo maana wengi huiita ya moto. Ikipoozwa zaidi ya hapo, harufu ya kimea na ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hufungika, na kinachobaki ni uchungu mtupu.

Bia ya kegi hukaa katika chombo cha chuma kilichofungwa, husukumwa na gesi, na hutolewa ikiwa baridi zaidi na yenye viputo vingi zaidi. Msomaji wa Kenya anayeifahamu kegi kutokana na Senator asidhani kwamba neno hilo lina maana ya bia ya bei nafuu. Viwanda vidogo vya Uingereza huweka kwenye kegi baadhi ya bia zao za gharama kubwa kabisa.

Ishara ya kufanikiwa: ukisimama kaunta, unaweza kuonyesha bila kuuliza ni bomba lipi la pipa na lipi la kegi.

## Hatua ya 2: Chagua pabu kabla ya kuchagua bia

Pipa la kawaida huitwa firkin, na hubeba galoni 9, yaani painti 72. Likishafunguliwa na kuanza kutolewa bia, hewa huingia kujaza nafasi iliyoachwa, na hewa hiyo ndiyo huanza kuiua bia. Baada ya siku tatu hivi ladha hushuka, kisha huanza kuchacha. Mchaga anayeijua mbege ya leo na ile ya kesho kutwa hahitaji maelezo marefu.

Kutokana na hilo ninatumia kanuni moja: hesabu mipini, kisha hesabu wateja. Pabu yenye mipini kumi na wazee watano ni bahati nasibu, hata kama majina yaliyoandikwa kwenye mipini ni ya viwanda bora. Pabu yenye mipini mitatu na watu wamejaa hadi mlangoni itakupa bia iliyofunguliwa leo au jana.

Zipo alama mbili za kukusaidia. Ya kwanza ni Good Beer Guide, kinachotolewa kila mwaka na CAMRA, chama cha wapenzi wa bia ya pipa kilichoanzishwa mwaka 1971. Pabu takriban 4,500 zilizomo huchaguliwa na wanachama wanaozitembelea wenyewe. Ya pili ni kibandiko cha Cask Marque mlangoni, chenye maana kwamba mkaguzi alipita na kupima joto, mwonekano na ladha.

Usizipuuze pabu ndogo za chumba kimoja, ambazo zilianza kuenea kufuatia ile ya kwanza iliyofunguliwa mwaka 2005 katika kijiji cha Herne, Kent. Nyingi hazina muziki wala televisheni, na mwenye pabu ndiye anayekumiminia, hivyo ukiuliza swali unajibiwa na aliyelitunza pipa.

Onyo: usiwe mteja wa kwanza mlango unapofunguliwa. Bia iliyolala ndani ya bomba usiku kucha inapaswa kuvutwa na kumwagwa, lakini si kila mhudumu hufanya hivyo.

## Hatua ya 3: Agiza kwenye kaunta

Ukikaa mezani kusubiri mhudumu, katika pabu nyingi utakaa hadi wafunge. Nenda kaunta. Foleni ipo ingawa huioni: kila mtu anajua nani alimtangulia, na mhudumu akikuangalia kabla ya aliyekutangulia, ustaarabu ni kusema kwamba mwenzako ndiye anayefuata.

Kwenye kila mpini kuna kibao chenye jina la kiwanda, jina la bia na asilimia ya kilevi. Kibao kilichogeuzwa nyuma kina maana kwamba bia hiyo imekwisha au bado haijawa tayari.

Vipimo halali ni theluthi ya painti, nusu, theluthi mbili na painti nzima. Painti ni mililita 568, yaani inazidi chupa yetu ya nusu lita. Anza na theluthi, ambayo ni mililita 189, na pale ambapo haipo chukua nusu. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache, kwa kuwa yeye hakuja kujifunza. Unaruhusiwa pia kuomba kuonja kidogo kabla ya kununua. Omba mara moja au mbili, wala usigeuze jambo hilo kuwa mlo.

Kaskazini mwa nchi hufungwa kwenye mdomo wa bomba kifaa kidogo chenye matundu, ambacho huifanya bia iwe na povu zito kama maziwa. Kusini huwa hakipo. Ubishi wa pande hizo mbili ni kama ule wa ugali mgumu na ugali laini, na mgeni hana sababu ya kuuingilia; jaribu namna zote mbili, kisha uwe na upande wako kimya kimya.

Onyo kuhusu raundi. Wenyeji hununuliana kwa zamu. Ukikubali raundi ya kwanza katika kundi la watu watano, umekubali glasi tano, ya mwisho ukiwa umeshapoteza ulimi wa kuonjea. Sema mapema, kwa upole, kwamba leo unajinunulia mwenyewe kwa sababu unaonja. Bakshishi kwenye kaunta si desturi.

## Hatua ya 4: Panda ngazi kuanzia bia nyepesi

Ulimi ukishapigwa na hopsi kali au kilevi kikubwa, bia nyepesi inayofuata itaonekana kama maji. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, si lazima kwa siku moja.

Anza na bia nyeusi nyepesi ambayo kwenye kibao huandikwa *Mild*, yenye asilimia 3 hadi 3.6. Ina uchungu kidogo sana, na hukufundisha ladha ya kimea kilichokaangwa: kahawa kwa mbali, mkate ulioungua pembeni, sukari guru. Haipatikani kila mahali, hivyo ukiiona ichukue.

Kisha nenda kwenye bita, bia ya rangi ya shaba ambayo Waingereza hunywa wakiwa na mazungumzo marefu. Mifano miwili ya kujipimia ni Harvey's Sussex Best ya mji wa Lewes, asilimia 4.0, na Timothy Taylor's Landlord ya Keighley huko Yorkshire, asilimia 4.3 ikiwa ya pipa. Viwanda hivi si vya vijana wa juzi, na wapo watakaokuambia kwamba havihusiani na safari yako. Ninakusihi usiwasikilize. Hopsi za Kiingereza kama Fuggle na East Kent Golding zina harufu ya majani, udongo na maua makavu, na usipoijua harufu hiyo hutaelewa ni kitu gani viwanda vipya vilikikimbia vilipoagiza hopsi za Marekani zenye harufu ya embe na balungi.

Ngazi ya tatu ndiyo hiyo ya hopsi za Marekani. Jaipur ya kiwanda cha Thornbridge, Derbyshire, yenye asilimia 5.9, ni mwalimu mzuri kwa sababu inapatikana kwa pipa na kwa kegi. Inywe kwa namna zote mbili na uandike tofauti. Baada yake jaribu zile zenye ukungu mzito mithili ya maji ya matunda.

Malizia na bia nyeusi za stauti na pota, halafu zile zinazozidi asilimia 9, ambazo ni za theluthi peke yake. Bia chachu ziweke mwisho kabisa au siku nyingine, kwa kuwa uchachu wake hubaki mdomoni.

Ishara ya kufanikiwa: unaweza kumweleza mtu tofauti ya bita na bia ya hopsi za Marekani bila kutumia maneno "nzuri" na "kali".

## Hatua ya 5: Onja, andika, na urudishe iliyoharibika

Tazama kwanza, nusa, kisha kunywa funda dogo na ulimeze. Hii si mvinyo ya kutemwa; uchungu wa bia huendelea kusikika baada ya kumeza. Andika mambo manne tu: jina, mahali, harufu ya kwanza iliyokujia, na kama ungeagiza tena. Tumia vitu vya kwenu. Ukisikia ukwaju andika ukwaju, wala usiandike tunda la baridi ambalo hujawahi kulila.

Kasoro za kutambua ni hizi. Harufu ya siki huonyesha pipa lililokaa wazi muda mrefu. Harufu ya siagi au bisi mara nyingi hutokana na hamira ambayo haikumaliza kazi. Ladha ya boksi lililolowa maji ni ya bia iliyozeeka kwa hewa. Bia ya chupa nyeupe iliyokaa juani hunuka kicheche. Ukungu, yaani bia kutokuwa angavu, peke yake si kasoro siku hizi, kwa sababu viwanda vingi havisafishi tena bia kwa ute unaotengenezwa kutokana na vibofu vya hewa vya samaki, vile ambavyo Mwanza huitwa mabondo. Asiyekula samaki na aulize kwanza.

Mara yangu ya kwanza kupewa bia iliyochacha, ilikuwa katika pabu moja ya mji wa pwani ambayo sitaitaja, niliinywa yote kwa heshima. Niliona aibu ya mgeni. Mzee aliyekaa kiti cha pili alinitazama hadi nilipobakiza vidole viwili, akainusa glasi yangu bila kuomba ruhusa, na akaniambia kwamba ningempa mwenye pabu faida kubwa kama ningemwambia mapema, maana alikuwa akiendelea kuwauzia wengine. Aliipeleka kaunta yeye mwenyewe. Mpini ule ukageuziwa kibao.

Rudisha basi, ukiwa umekunywa funda moja au mawili, si nusu ya glasi. Sema kwamba unadhani imechacha na uombe waionje. Pabu makini hubadilisha bila maneno. Lakini kutoipenda bia si kasoro ya bia. Hiyo imalize au iache.

## Hatua ya 6: Tumia siku moja Sheffield

Ninapendekeza Sheffield kabla ya London kwa sababu tatu: bei za glasi kwa jumla ziko chini, pabu nzuri ziko karibu karibu, na utamaduni wa bia ya pipa umeshika mizizi. Treni kutoka London St Pancras huchukua zaidi kidogo ya saa mbili.

Ukishuka, huna haja hata ya kutoka stesheni. Sheffield Tap iko ndani yake, katika chumba cha zamani cha viburudisho vya abiria chenye vigae ukutani. Chukua theluthi moja hapo na ule.

Kisha nenda Kelham Island, eneo la karakana za zamani ambako unaweza kutembea kwa miguu au kupanda tramu hadi Shalesmoor. Fat Cat ilifunguliwa mwaka 1981, na Kelham Island Tavern, iliyo mwendo wa dakika chache kutoka hapo, ilishinda tuzo ya CAMRA ya pabu bora ya taifa kwa miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Kunywa glasi mbili ndogo kila mahali, si zaidi. Uliza kama wana bia ya Thornbridge iliyochachushwa kwa mfumo wa mapipa yaliyounganishwa, ule ambao kiwanda hicho kiliuchukua kutoka Burton upon Trent mwaka 2024.

Ishara ya kufanikiwa: unapanda treni ya kurudi ukiwa na kurasa tatu zinazosomeka.

## Hatua ya 7: Sasa nenda kwenye baa za kiwandani

Bermondsey, kusini mwa London, viwanda na baa zake zimejipanga chini ya matao ya reli, na treni hupita juu ya kichwa chako huku glasi zikitetemeka mezani. Kernel, iliyoanza mwaka 2009, na Anspach & Hobday ya Druid Street ni pa kuanzia. Ukikuta bia ya mezani ya Kernel yenye kilevi cha asilimia 3 hivi, ianze hiyo: inaonyesha ladha ya hopsi inavyoweza kujaa mdomo bila kilevi kukuelemea.

Usiende Jumamosi mchana, saa za makundi ya sherehe za kuaga ukapera. Ijumaa jioni mapema ni bora zaidi. Chagua matao matatu na uyafute mengine kwenye ramani, na hakikisha siku hiyo hiyo kwamba yako wazi, kwa kuwa katika miaka ya karibuni viwanda kadhaa vimehama au kufungwa. Mhudumu akikukatalia kukuuzia kwa sababu umelewa, usibishane naye, sheria inamkataza.

Manchester ni chaguo jingine, na huko pitia Marble Arch ya Rochdale Road. Sakafu yake ya vigae vidogo huteremka kuelekea kaunta, kwa hiyo ukihisi mwinuko kabla ya glasi ya kwanza, tatizo si lako.

Jambo la umiliki lizingatie pia, kama kwako "kiwanda kidogo" lina maana. Kiwanda cha Camden Town kilinunuliwa na kampuni kubwa ya AB InBev mwaka 2015, na kile cha Beavertown kikawa chote mali ya Heineken mwaka 2022. Bia zao si haramu kuonja, ila kopo lenye alama ya Indie Beer ndilo linalokuhakikishia kwamba mtengenezaji bado anajitegemea.

## Hatua ya 8: Beba chache nyumbani

Bia ya pipa haisafiri, hiyo iache ilipo. Nunua chupa au makopo. Zenye hopsi nyingi zinywe ndani ya wiki chache na zikae baridi, kwa kuwa harufu yake ndiyo ya kwanza kukimbia. Stauti nzito inaweza kukaa kabatini mwaka na zaidi.

Kwa safari ya ndege, zifunge kwenye soksi nene, kisha kwenye mfuko wa nailoni, na uziweke katikati ya sanduku la mizigo ya chini. Ulizia mapema kiwango kinachoruhusiwa na forodha ya unakokwenda. Chupa yenye mashapo chini ni bia iliyo hai kama ya pipa. Ukifika isimamishe wima siku mbili, uimimine taratibu kwa mkupuo mmoja, na usimame pale utakapoona ukungu wa hamira ukikaribia shingo ya chupa.